Kishikwambi "kipya" nilichokinunua

Ndugu zangu wa Heru Juu, nilinunua kishikwambi cha kupimia mashamba kwa fedha ya maharage yangu ya msimu mzima. Boksi lilikuwa bado na nailoni. Wiki ya tatu kioo kikaanza kunyanyuka, nikakipeleka kwa fundi Kasulu mjini. Akafungua mgongo: betri imevimba kama andazi (usiitoboe, huwaka moto), gundi ya zamani imekwanguliwa, bodi ina alama za kuchomelewa upya.

"Bwana shamba, hiki kilishazikwa kikafufuliwa," akasema.

Kikiwa cha laini, kabla ya kulipa bonyeza *#06#, linganisha IMEI na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090. Na dai risiti. Mimi sikudai, muuzaji akanikana.