Jirani aliyezima taa

Halloween, filamu ya John Carpenter, ina umri mkubwa kuliko wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu. Ilitoka Marekani Oktoba 1978, mwezi uleule majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, dola laki tatu na ushei. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa bei ya chini, kikapakwa rangi nyeupe. Damu inayoonekana ni kidogo. Kinachotisha ni kusubiri: kinanda kinachorudia mlio uleule, na mtu aliyesimama nje ya dirisha bila kusema neno.

Filamu hiyo iliingia katika nyumba moja ya Nyakunguru, wilayani Tarime, mwezi Desemba. Ilikuwa kwenye flashi ya kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Dada yake wa miaka 14 alikuwa likizo, na baba yao alikuwa zamu ya usiku mgodini.

Mama yao, fundi cherehani, alizijua sinema za kutisha za Kibongo, zile za majini na mizimu, ambazo mwishoni hupatikana mganga au mchungaji na mambo yakaisha. Ya muuaji wa kisu hakuwahi kuiona. Watoto walipozima taa, aliacha kushona akaketi mkekani katikati yao. Hakuwakataza. Alisema tu kwamba kama ni kuangalia, wanaangalia wote.

Filamu haikuwa na mtafsiri wa kusimulia kama zile za kwenye vibanda vya video, hivyo binti ndiye aliyemweleza mama. Michael Myers alimuua dada yake akiwa na miaka 6, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na baada ya miaka 15 ametoroka na kurudi mji wake. Laurie, mwanafunzi wa sekondari, anakaa na watoto wa majirani usiku wakati wazazi wao wametoka. Mtoto mmoja, Tommy, anamwambia amemwona mtu wa kutisha nje. Laurie anamtuliza tu. Haamini.

Mwanzoni mama alicheka. Muuaji alipotokea, alipaza sauti: “Kimbia! Huyo hapo!” Kijana naye akacheka.

Kisha ikaja sehemu ambayo Laurie anakimbilia nyumba ya jirani, anagonga na kupiga kelele. Taa inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Halafu taa inazimwa, na mlango haufunguliwi.

Binti hakufumba macho. Aliuliza, “Mama, mbona hawamfungulii?”

“Labda wameogopa.”

“Hapa kwetu mtu akipiga yowe usiku, watu si wanatoka?”

“Wanatoka, mama. Ng'ombe wakiibwa, kijiji kizima kinatoka.”

“Na kama ni msichana anakimbia asikeketwe?”

Kijana alisimamisha filamu. Mama hakuwa na jibu la haraka, kwa sababu alijua kilicho nyuma ya swali. Wiki hiyo mama mkwe wake alikuwa ametuma ujumbe mara mbili kwamba mjukuu aende kumsalimia kabla likizo haijaisha. Mama alikuwa akijiambia kwamba ni salamu tu. Sasa binti alimweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Desemba iliyopita mwenzake wa darasani alikimbia alfajiri akagonga nyumba mbili. Wote waliomsikia walisema hayo ni mambo ya ukoo, wasiyaingilie.

“Hukuniambia,” mama alisema.

“Niliogopa utasema hivyohivyo.”

Mama alimshika mkono. “Huendi kwa bibi likizo hii. Nitazungumza na baba yako asubuhi akirudi. Bibi nitamjibu mwenyewe.”

Wakaendelea. Laurie anafika kwenye nyumba aliyokuwa akikaa na watoto, funguo hana. Anayeamka na kumfungulia ni Tommy, yule mtoto ambaye hakuaminiwa. Binti alisema, “Kumbe aliyemfungulia ni mtoto.” Mama alinyamaza.

Kulipokucha, baba hakufurahi. Aliuliza watamweleza nini mama yake, na mazungumzo yalichukua karibu siku nzima. Lakini binti hakwenda. Jioni mama alipita kwa majirani wawili, akawaambia wazi kwamba mtoto wake akigonga, au mtoto yeyote akigonga, wafungue kwanza, maswali baadaye.

Kwa mzazi mwenye watoto wanaobadilishana flashi, yapo ya kuchukua hapa. Filamu hii si ya watoto wadogo. Marekani kwenyewe, aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini kuiona bila mzazi au mtu mzima. Iangalie wewe kwanza, au keti naye. Mtoto akiogopa, usimcheke na usimwambie tu kwamba ni maigizo. Muulize ni sehemu gani imemtisha. Mara nyingi si kisu wala kinyago. Ni kitu anachokijua tayari, alichokosa namna ya kukianza.

Na kwa Tarime na Serengeti, msimu wa likizo ya Desemba ndio wenye hatari zaidi kwa wasichana. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, hupokea wasichana wanaokimbia. Mwandikie mwanao namba hiyo kwenye daftari. Kisha mwambie, kwa majina, ni nyumba zipi tatu anazoweza kugonga usiku na zikafunguliwa. Kama huwezi kuzitaja tatu, hiyo ndiyo kazi ya kufanya kabla shule hazijafungwa.