Yule Aliyetugeuzia Mgongo



Nilipokuwa kijana niliikata picha moja kutoka katika kalenda kuukuu, nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu. Ni picha ya mtu mwenye koti la kijani iliyokoza, kashika bakora, amesimama peke yake juu ya jabali, na mbele yake ukungu umefunika mabonde mfano wa bahari. Uso wake hatuuoni, kwani ametugeuzia mgongo. Mchoraji wake ni Caspar David Friedrich wa Ujerumani, aliyeichora mnamo mwaka 1818. Na picha yenyewe imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Hamburg.

Sikujua wakati huo kwamba picha ile ni miongoni mwa alama kubwa za Uromantiki, yaani ile harakati ya sanaa na fikra iliyoenea Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Watu walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba akili peke yake yatosha kupimia kila kitu. Washairi na wachoraji wakasema: moyo nao una haki yake, na mlima, bahari na usiku vina la kumwambia mwanadamu. Ni nani asiyevutwa na mwito huo? Hata leo, aliyechoshwa na kelele za mji huutamani.

Mimi ulinivuta hata nikapita kiasi. Kila alasiri nilikwenda kukaa mwambani peke yangu, nikiyatazama maji yakipwa na kujaa, na kujiona nina moyo mpana kuliko wenzangu. Siku moja nilirejea baada ya Magharibi, uzuri wa machweo ungali umenijaa kifuani, nikamkuta mama yangu ameketi chini, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa ameningoja nimtekee maji. Aliponikosa akaenda kisimani mwenyewe, akateleza. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko baharini umeona nini?"

Sikuwa na jibu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Friedrich. Alizaliwa mwaka 1774 huko Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki. Mama yake alifariki mwaka 1781. Mwaka 1787 ndugu yake, Johann Christoffer, alizama barafu ilipovunjika. Na husimuliwa kwamba alikuwa akijaribu kumwokoa Caspar. Kumbe mchoraji yule aliujua upweke kwa kufiwa, si kwa kuupenda. Mimi niliuazima upweke wake kama pambo, ilhali mama yangu alikuwa hai na ananingoja.

Sisemi kwamba tuyafumbe macho. Uzuri wa viumbe ni ishara za Muumba, na moyo usiotikisika kwa ishara hizo umekufa ganzi. Lakini ishara huwekwa njiani ili msafiri aendelee na safari, si ili aketi chini yake akiisifu. Hisia njema hujulikana kwa kazi ya mikono: maji yaliyotekwa, mgonjwa aliyetazamwa, jirani aliyejuliwa hali.

Picha ile ningali nayo. Mtu yule bado amesimama jabalini, mgongo wake kwetu. Yeye ni rangi juu ya kitambaa, hawezi kugeuka. Mimi na wewe, ndugu yangu, twaweza.