Ndege ya Jumamosi

Tiketi zilikuwa tatu. Moja ilikuwa yangu, Dar es Salaam kwenda Tabora, Jumamosi ya Mei 2, 2020. Mbili zilikuwa za kurudi Jumatano iliyofuata: yangu na ya Bibi.

Bibi alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kijiji chetu, Kigwa, kiko mashariki ya Tabora mjini, wilaya ya Uyui, na ndege zinazotoka Dar hupita upande wetu zikianza kushuka. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiinua vichwa shambani, majembe mkononi, mpaka mlio upotee. Bibi alikuwa akiniambia, "Mke mwenzangu, siku moja mimi nitakuwa mle ndani. Nitakurushia maganda ya karanga." Bibi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, mama alipoolewa tena Mpanda. Kwa hiyo nilipoanza kazi na kupata mshahara, deni hilo la maganda ya karanga nililikumbuka kabla ya madeni mengine yote.

Lakini tiketi hazikuwa za matembezi. Macho yake yalikuwa yanakufa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na mwenyewe alisema anaona dunia kama mtu anayechungulia kupitia mvuke wa sufuria. Daktari aliyempima alishauri aonwe na mabingwa Dar, kwa sababu lile la kushoto lilikuwa na tatizo jingine nyuma zaidi. Nyonga zake zisingevumilia basi la kutwa nzima, wala treni. Mwezi wa pili nilivunja akiba ya kikoba, Mjomba akaongeza fedha za tumbaku, tukakata tiketi. Miadi ya hospitali ilikuwa Mei 7.

Machi 16, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini: msafiri aliyeingia kwa ndege akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Mwisho wa mwezi akatangazwa marehemu wa kwanza, Dar es Salaam. Katikati ya Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa.

Za ndani hazikusimamishwa. Hapo ndipo ugumu wangu ulipoanzia. Majirani zetu Kenya waliuzuia mji wa Nairobi, Uganda walisimamisha usafiri, na rafiki zangu wa huko walilalamika kwamba serikali zimewaamulia kila kitu. Mimi sikuamuliwa. Ndege ilikuwa itaruka Jumamosi saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, na kiti changu kilikuwa dirishani.

Wakati huo nilikuwa nauza duka la dawa Kariakoo. Mlangoni tuliweka ndoo ya maji tiririka na sabuni, na kaunta tuliizungushia karatasi ya nailoni iliyochanika siku ya pili. Ndimu na tangawizi zilipanda bei mtaa mzima. Watu walikuja kuulizia vitamini C, vipima joto, dawa za kifua. Wengine walivaa barakoa za kitenge wakizishusha kidevuni ili niwasikie vizuri wanachotaka, kisha wanakohoa. Aprili 29, Waziri Mkuu alitaja idadi: wagonjwa 480. Baada ya siku hiyo takwimu za Tanzania Bara hazikutangazwa tena kwa muda mrefu. Mimi nilibaki na takwimu za kaunta yangu, ambazo si takwimu: mzee mmoja aliyekuwa akija kila Jumatatu kuchukua dawa ya presha, kisha Jumatatu mbili hakuja, kisha akaja mwanawe kuuliza kama tunarudisha vidonge ambavyo havijafunguliwa.

Usiku wa Aprili 29 sikulala. Ilikuwa Ramadhani, na baada ya futari nilikaa na daftari nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika "nikienda", upande wa pili "nisipoenda".

Nikienda, huenda ninaupeleka ugonjwa mwenyewe. Sikuwa na homa, lakini tulikuwa tumeshajua kwamba mtu anaweza kuubeba bila homa. Bibi ana kifua kilichochoshwa na moshi wa kuni wa miaka sitini. Kisha tunarudi naye Dar, mji ambao watu walikuwa wanaukimbia, tunampeleka hospitali, kwenye mabenchi ya kusubiri.

Nisipoenda, jicho la kulia linaendelea kufunga. Miadi mipya hakuna ajuaye itapatikana lini. Na Bibi si mtu wa kumwambia mwakani. Mwakani kwake ni neno la vijana.

Nilizitazama pande zote mbili nikaona kwamba hazipimiki kwenye mzani mmoja. Upande mmoja una jambo baya sana ambalo huenda lisitokee. Upande wa pili una jambo baya kiasi ambalo hakika litatokea. Asubuhi ya Alhamisi nilipiga simu kwenye shirika la ndege. Nauli hairudishwi, walisema, ila thamani yake inaweza kukaa mwaka mmoja, ukikatwa faini. Nikakubali kukatwa faini. Ilichukua dakika kumi na moja, nyingi zikiwa za muziki.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nimeshafunga mzigo. Michembe nimeiweka kwenye kiroba, na asali Mjomba wako ameipata ya nyuki wadogo."

Nikasema, "Bibi, ndege zimesimamishwa."

Uongo wangu ulikuwa na mguu mmoja kwenye ukweli: za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa kweli. Alikaa kimya, nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Basi. Ya serikali hayo." Akaniuliza kama ninafunga vizuri na kama ninapata uji.

Nilijiambia nimefanya hivyo kumpunguzia wasiwasi. Sababu yenyewe ni nyingine. Nilijua nikimuuliza atasema njoo, na sikutaka kusikia neno hilo, kwa sababu ningelitii.

Miezi iliyofuata nilisoma sana habari za magonjwa na safari, kama mtu anayejitafutia wakili. Kigwa ni kituo cha zamani katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea Ujiji. Richard Burton, aliyepita na John Speke mwaka 1857, ameitaja. Stanley alipita upande huohuo mwaka 1871, akielekea Kwihara. Tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba njia ile ilipitisha pembe, nguo, shanga na watumwa. Hatukufundishwa sana kwamba ilipitisha ndui pia. Burton anaandika juu ya misafara aliyokutana nayo njiani ikiwa imepukutishwa na ndui, na wagonjwa walioachwa porini. Hata funza, huyu anayeingia vidoleni, alisafiri: alifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi pwani yetu, miguuni mwa watu na mizigo yao. Nikajiona mwenye busara. Wapagazi wale, wengi wao Wanyamwezi, babu zetu, hawakujua walichobeba. Mimi nilijua, na nilikatisha safari.

Nilifika Kigwa Desemba, kwa treni. Mvua zilikuwa zimeanza na uyoga ulikuwa unauzwa kwa mafungu kando ya njia. Bibi alikuwa amekaa barazani, uso ameuelekeza njiani, nami nilimpungia mkono nikitokea kwa jirani. Hakunipungia. Nilipofika hatua mbili ndipo alipouliza, "Nani huyo?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu jipya la kuungua. Alipapasa kutafuta mwiko akashika sufuria ya uji. Mdogo wake, aliyekaa Loya, alikuja kumtembelea mwezi wa saba wakashinda pamoja wiki nzima, akarudi kwake, na mwezi wa tisa akafariki. "Nilimsikia tu," Bibi aliniambia. "Uso wake wa mwisho sikuupata. Sauti ilikuwa yake, lakini uso nilionao mimi ni wa zamani."

Usiku, baada ya kula ugali na nsansa, Mjomba akaenda kulala tukabaki wawili. Bibi akasema, bila hasira yoyote, "Jumamosi ile ndege ilipita."

Sikujibu.

"Ilipita saa zilezile. Na Jumamosi iliyofuata. Macho ndiyo mabovu, mke mwenzangu. Masikio nimeachiwa."

Nilimweleza yote: kaunta, mzee wa presha, daftari, usiku ule. Nilimwambia na habari za ndui na misafara, maana nilikuwa nimejiandaa vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa ya kwake, ambayo haimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Bibi yake yeye alikuwa na kaka, pagazi. Alikwenda pwani na msafara akarudi na ndui. Alipofika karibu na kijiji hakuingia. Aliketi chini ya mti nje ya boma, akaita kwa sauti. Akajitaja jina, akataja ugonjwa alionao. Mama yake akatoka mpaka kwenye uzio wa miiba, wakazungumza. Mama akasema njoo ufe nyumbani. Baba akasema hapana, kuna watoto. Wakabishana, yeye mwenyewe akiwamo katika ubishi huo, mpaka wakakubaliana: atakaa palepale, chakula kitawekwa kwenye jiwe, na kila jioni watakuja kuongea naye. Walifanya hivyo siku nyingi.

"Alipona?" niliuliza.

"Wewe unataka kujua kama alipona. Mimi nakuambia kwamba aliita."

Taa ya sola ilianza kufifia. Akaendelea, "Kama uliniokoa, sijui. Wewe pia hujui. Huenda ningekufa huko Dar, huenda sasa hivi ningekuwa natunga uzi kwenye sindano. Hilo ni la Mungu. Lakini macho ni yangu na kifua ni changu. Ungeniuliza."

"Ungesema nije, Bibi."

"Ningesema uje. Nawe ungesema siji. Tungegombana, mwisho ungeshinda, maana simu ni yako na fedha ni zako. Lakini mimi ningekuwa nimekataliwa na mjukuu wangu, si na serikali."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko nilivyoifikiria ile hesabu ya daftarini. Hata sasa nikirudia hesabu naona ningefanya uamuzi uleule. Sioni aibu kwamba sikwenda. Ninaona aibu kwamba katika kurasa mbili za sababu, jina la Bibi niliandika mara nyingi na sauti yake haikuwamo hata mara moja. Nilimhesabu pamoja na mizigo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ugonjwa ulikuwa umepanda tena. Thamani ya zile tiketi ilikuwa imeshaisha muda wake. Nilikuwa nimenunua nyingine, ya Agosti, kwa sababu Mjomba alipata habari kwamba jicho la kulia linaweza kufanyiwa upasuaji Tabora. Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo; nilichanja siku chache baadaye, nikashinda na homa usiku mmoja. Dukani nilianza kuziona zile barakoa za kidevuni tena, na kile kikohozi. Safari hii nilipiga simu nikamwomba Mjomba aweke spika na atoke nje.

"Bibi, ndege ipo. Mimi ndiye ninayeogopa."

Nikamwambia ninachokijua na nisichokijua. Nikamwambia kwamba upasuaji unaweza kusubiri kidogo, au Mjomba anaweza kumpeleka mwenyewe, nami nibaki Dar nitume fedha. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Njoo," akasema. "Ila utakaa chini ya mwembe."

Nilikwenda. Mjomba alinitandikia katika kibanda cha kuhifadhia mazao, ng'ambo ya ua, na kila asubuhi nilitoka nikakaa kwenye kigoda chini ya mwembe. Bibi aliletewa mkeka barazani. Kati yetu kulikuwa na hatua kama kumi na tano na kuku wake wote. Chakula changu kiliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Tuliongea kwa kupaza sauti, na majirani waliopita njiani walisikia kila kitu: habari za mshahara wangu, za mama na mume wake wa Mpanda, za kijana mmoja wa Tabata ambaye sikupenda atajwe hadharani namna ile. Bibi alicheka mpaka akakohoa, nami nikakihesabu kikohozi. Alikisikia kimya changu.

"Ni vumbi," aliita kutoka barazani. "Endelea."

Siku ya sita, alfajiri, kabla ya kutoka kibandani, nikasikia fimbo yake ikigonga ardhi ya ua. Nikafungua mlango nikamwambia bado, tulikubaliana siku kumi. Alisimama katikati ya ua, amegeuzia uso upande ambao mimi sikuwapo.

"Sijavuka," alisema. "Nimekuja nusu. Sema hapo ulipo, nijue umbali."

Nikasema, "Niko hapa, Bibi."

Akasogeza fimbo kidogo, akaketi palepale chini, na kuanza kunisimulia ndoto aliyoota.