Mark X kwenye matope ya Kiganjo

Jamani, theluji yetu hukaa juu ya Mlima Kenya. Huku Kiganjo mvua za Machi hadi Mei hutuachia matope. Injini ya Mark X yangu iko mbele lakini huzungusha magurudumu ya nyuma pekee, ambako gari ni jepesi, basi huteleza. Kompyuta yake hulinganisha kasi ya magurudumu: moja likizunguka bure, hupunguza nguvu ya injini. Kwenye lami yenye maji, programu hiyo ni mkombozi. Kwenye tope zito hukunyima nguvu ya kujinasua, kwa hiyo naizima na kukanyaga mafuta taratibu.

Mama ana kliniki kila mwezi, nayo haingoji barabara ikauke. Ndiyo maana gunia la mchanga halitoki kwenye buti mpaka Juni. Nanyi mwafanyaje?