Harufu ya Kakao Buigiri

Mjukuu alifika na yai. Lilikuwa yai la chokoleti lililovikwa karatasi ya kung'aa, alilonunua Dodoma mjini mkesha wa Pasaka, akaliweka kwenye kiganja cha babu yake taratibu kama mtu anayekabidhi kitu kigeni. "Babu, hii inaitwa chokoleti. Zamani huku hamkuwa nazo." Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba vitu hivi vimekuja na makao makuu ya serikali.

Mzee hakujibu upesi. Aliligeuza yai, akalipitishia kidole gumba, akalinusa. Haoni tangu utotoni, na kusoma alifundishwa hapo hapo kijijini Buigiri, katika shule ya wasioona iliyofunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, ya kwanza ya aina yake nchini. Kwake chokoleti haikuwahi kuwa rangi, wala haikuwa na umbo la yai. Ilikuwa harufu. Na hili alilopewa, alisema hatimaye, linanukia sukari na vanila tu.

Mjukuu alidhani babu amechukia. Hakuchukia. Alikuwa amelikumbuka duka.

Lilikuwa duka la Mwarabu, limeezekwa bati, na watoto wa shule walilifikia kwa mstari, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake. Mlangoni yalinukia mafuta ya taa. Ukipiga hatua mbili ndani unakutana na sabuni ya mche, halafu kitambaa kipya cha kaniki ambacho hakijapata maji, halafu dagaa na iliki kwa pamoja, ndipo unagusa meza. Mwenye duka aliwasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akangoja waitike wote, hata yule mdogo wa mwisho. Hakuwahi kumharakisha mtoto aliyekuwa akihesabu senti zake kwa vidole.

Yeye alikuwa Mwislamu, na Pasaka haikuwa sikukuu yake. Lakini Kwaresima ikikaribia kwisha aliagiza kutoka mjini boksi moja la chokoleti, vipande vyembamba ndani ya karatasi ya rangi ya fedha, na tabu yake yote ilianzia hapo. Siagi ya kakao hulainika hata kabla ya kufika nyuzi 30, na kwenye nyuzi 34 hivi huyeyuka kabisa. Ndiyo sababu chokoleti huisha yenyewe kinywani, maana mwili wa binadamu una joto zaidi ya hapo. Chini ya bati la Buigiri, adhuhuri, haikuwa na nafasi ya kupona. Kwa hiyo aliziweka kwenye kopo la biskuti, akalifukia hadi shingoni katika mchanga ulio chini ya mtungi, mahali maji yalipochuruzika na kuutia ubaridi. Watoto waliujua mlio wa lile kopo likichomolewa mchangani. Walipousikia, walijua Pasaka imefika.

Hata hivyo nyingi zilikuwa zimekwisha kuyeyuka njiani na kuganda upya. Chokoleti ikipata msukosuko huo, siagi yake hupanda juu na kuacha kitu kama unga mweupe. Wenye macho huikataa wakidhani imeota ukungu. Mzee aliijua kwa ulimi: chembechembe laini, kama mchanga wa mtoni uliochekechwa. Kwa miaka mingi aliamini chokoleti zote duniani ziko hivyo, na alipokuja kuonja isiyo na chembechembe aliona imepungukiwa.

Ni mwaka gani? Mwenyewe husema 1964. Lakini pia anakumbuka kwamba senti tano aliyolipia ilikuwa na pembe 12, na kwamba alizihesabu njia nzima asije akaiangusha. Senti tano ya zamani, ya Afrika Mashariki, ilikuwa na tundu katikati. Yenye pembe 12, ile ya samaki, ilitoka pamoja na sarafu zetu wenyewe katikati ya mwaka 1966, Pasaka ya mwaka huo ikiwa imekwisha kupita. Basi ni Pasaka ya 1967, iliyoangukia 26 Machi, au ya baadaye. Alipoelezwa hayo alisema huenda sarafu zilikuwa mbili, moja ya tundu na moja ya pembe, za Pasaka mbili. Na iwe hivyo.

Senti tano haikununua kipande kizima. Waliunganisha fedha, mwenye duka akakata kwa kisu juu ya gazeti, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alipewa karatasi ya fedha. Hiyo ilikuwa zawadi hasa. Karatasi ililainishwa juu ya goti kwa kucha mpaka mikunjo yote imekwisha, ikabanwa kwenye kibao cha kuandikia nukta nundu, na msumari wa kuandikia ukapita juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, kama wasioona wote waandikavyo kwa kibao. Ukiigeuza, nukta zimesimama. Mkono ukiwa mzito inachanika, na hakuna ya pili. Mzee aliandika humo jina lake na neno PASAKA, akailaza ndani ya kitabu, na kila alipofungua kitabu harufu ya kakao ilitoka. Ilidumu hadi mavuno.

Pipi za kutengeneza nyumbani zilikuwa kashata. Nchi ya karanga hiyo. Kongwa, ambako Waingereza walizamisha mamilioni ya pauni katika mradi wao wa karanga kabla ya kuuacha mwaka 1951, si mbali na hapo. Karanga za wakulima wa Ugogo hazikuhitaji matrekta. Kashata ya kawaida kila mtu aliijua. Lakini ya shule ilitiwa kakao: wamisionari wengi wa huku walitoka Australia, kwa kuwa Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, aliyetoka huko, na katika vifurushi vyao kopo la kakao halikukosekana. Mpishi wa shule aliomba vijiko viwili. Sukari ikawekwa motoni, na watoto wakakaa karibu kusikiliza: mwanzoni inachemka kwa haraka na kelele nyembamba, kisha mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka moja moja. Hapo ndipo kakao na karanga zinaingia. Mtoto wa kwanza kuitambua sauti hiyo ndiye aliyekwangua sufuria.

Miaka ya sabini duka lilifungwa. Ikaja sukari ya foleni, kashata zikapikwa kwa asali ya mizinga, nazo hazikuganda vizuri. Miaka ya tisini pipi zilirudi kwa wingi, na tofi za Ivori kutoka Iringa zikawa ndiyo Pasaka ya watoto wa mzee mwenyewe. Kisha supamaketi. Kisha mayai.

Mjukuu aliombwa asome maandishi ya kwenye karatasi. Sukari kwanza, mafuta ya mawese ya pili, na kakao mbali huko nyuma, karibu na rangi. Siagi ya kakao haikutajwa. Kitu kama hicho hakiyeyuki haraka juani, na wauzaji wanakipenda kwa sababu hiyo, lakini kukiita chokoleti ni kuwapunja watoto. Inauma zaidi kwa kuwa kakao tunayo. Iko Kyela, iko bonde la Kilombero, nayo hutoka nchini magunia kwa magunia ikiwa mbegu kavu. Siku chache kabla ya Pasaka ya 2024, mavuno ya Ghana na Ivory Coast yakiwa mabaya, bei ya tani moja kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa mara ya kwanza. Dunia nzima ilikuwa ikiigombania, huku mtoto wa Dodoma akila mawese yenye rangi.

Jumatatu ya Pasaka mjukuu alitumwa dukani: karanga kilo moja, sukari nusu, na kakao. Walipika jioni, babu akisikiliza sufuria na kusema lini kumimina. Kashata zilitoka nyeusi, na nyumba ilinukia mpaka asubuhi. Kakao ilikuwa ya kopo, imetoka ng'ambo. Wafanyabiashara wa Dodoma wanaojaza mayai rafuni kila mwaka waagize na ya Kyela, iliyosagwa hapa hapa nchini, iwepo kabla ya Pasaka ijayo.