Maua ya Mvua ya Machi

Huku Kwanza, Trans Nzoia, kiangazi hutimua vumbi jekundu hadi juu ya mabati, kisha Machi ikielekea ukingoni mvua inateremka kutoka Mlima Elgon. Haupiti muda kabla yungiyungi jekundu halijachomoza: bua tupu, juu yake duara la nyuzi nyekundu, majani yakifuata baadaye.

Utotoni mwangu hakuna aliyekuwa na bustani ya maua. Tangu mbegu chotara ya mahindi ya 611 itolewe Kitale mwaka 1964, shamba la Trans Nzoia lilihesabiwa kwa magunia, na mahindi yetu yalifika karibu na ukuta. Palipobaki, Kukhu, bibi yangu, alipafagia kila alfajiri. Jani likiota uani, aliona haya kana kwamba mgeni amekuta vyombo vichafu. Yungiyungi liliachwa kwenye kichuguu, nasi tulikatazwa kuligusa kwa kuwa kitunguu chake ni sumu. Shubiri ilivumiliwa kwa sababu ilikuwa na kazi: kuku wakianza kusinzia, aliikatakata kwenye maji yao. Kideri hakina tiba, nao walikufa vivyo hivyo, lakini shubiri haikung'olewa.

Kisha ikaja dawa ya magugu. Jembe lilikuwa likikata bua, kitunguu kikabaki chini kusubiri mwaka mwingine. Dawa huingia kwa jani ikashuka hadi mizizini, tena hupulizwa kabla ya kupanda, wakati uleule maua yanapoamka. Trekta nalo likasawazisha vichuguu. Mimi nikaanza kuhamishia vitunguu nyumbani, Kukhu akinung'unika, “Mjukuu wangu, utatuletea nyoka.”

Leo ua wetu una shubiri za rangi ya machungwa, mayungiyungi, na mpungate mmoja wenye maua ya manjano yanayojaa nyuki. Majirani husema mpungate si wa kwetu. Ni kweli, asili yake ni Meksiko. Na mahindi je? Hata hivyo mimi huchuma matunda ya mpungate mapema ndege wasisambaze mbegu, maana kule Laikipia ndugu yake amemeza malisho ya mifugo.

Siku hizi jirani aliyenicheka zaidi anataka yungiyungi. Nimemwambia aje na jembe Januari, vitunguu vikiwa bado vimelala, na asipande karibu na zizi la ndama.