Thamani kwa Kinywa cha Mwenyewe

Nilipotoka Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, mwaka 1984, nikarejea Arusha na stashahada ya uthamini katika mkoba, niliamini kuwa thamani ya nyumba ni kitu kilichofichwa ndani ya kuta zake, kikingoja tu mtu mwenye futi kamba na kalamu aje akifichue. Sheria ya kodi ya majengo mijini ilikuwa imetungwa mwaka uliotangulia, 1983, baada ya serikali za mitaa, zilizokuwa zimevunjwa mwaka 1972, kurejeshwa; na vijana wa fani yangu tulihitajiwa tuandike daftari la uthamini, nyumba kwa nyumba, ili kila mwenye jengo alipe kwa kadiri ya jengo lake.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Tulipima kuta kwa nje, urefu tukauzidisha kwa upana, na mita za mraba tulizopata tukazizidisha kwa gharama ya kujenga mita moja ya nyumba ya namna ile, maana nyumba ya matofali ya saruji haiwi sawa na ya miti na udongo iliyopigwa lipu ikang'ara. Kisha tukatoa uchakavu, na uchakavu hauna kanuni ila jicho: ufa juu ya linta, bati lililoliwa na kutu, kenchi iliyoanza kulemea upande mmoja. Kiwanja hakikuingia katika hesabu, maadamu ardhi ya nchi yetu ni ya umma, na umiliki wa milele tuliorithi kwa wakoloni uliondolewa mwaka 1963. Anayelipa kodi ya jengo hulipia alichokisimamisha juu ya ardhi. Sheria ilitutaka tuitazame bei ya soko kwanza, lakini katika mitaa mingi nyumba ziliuzwa kwa siri na kwa nadra, basi tukaishia aghalabu kwenye gharama ya ujenzi. Na hapo ndipo insafu ilipoanza kunisumbua, kwa sababu nyumba mbili za ramani moja, moja Njiro na nyingine Sombetini, zilitoka na tarakimu moja, ilhali hapana mtu mwenye akili timamu ambaye angezinunua kwa bei moja.

Jambo la kwanza lililonifunza unyenyekevu lilitokea Ngarenaro. Nilikuwa nimeipima nyumba ya mjane mmoja, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kwa kuwa bati lililoelekea barabarani lilikuwa jipya, niliandika paa zima jipya, nikaenda zangu. Miezi michache baadaye alinijia ofisini na karatasi ya madai mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole ulionitia haya kuliko ambavyo ukali ungenitia, kisha akasema, "Mwanangu, hukuingia uani." Tulikwenda pamoja. Nusu ya paa, ile isiyoonekana na wapita njia, ilikuwa ya madebe yaliyopondwa yakanyooshwa, na ukuta wa jiko ulikuwa umeegemezwa kwa gogo. Niliisahihisha hesabu, lakini sikuridhika. Nikamwomba aniambie yeye mwenyewe nyumba ile imemgharimu nini.

Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akahesabu. Hakutaja mita wala asilimia. Alitaja msingi uliochimbwa mwaka aliozaliwa mwanawe wa pili, kuta zilizokaa bila paa misimu mitatu ya masika, mifuko ya saruji aliyoiazima na kuilipa kwa kuuza maziwa, bati za mbele zilizonunuliwa kwa kiinua mgongo cha marehemu. Nilipojumlisha maneno yake kwa bei za siku ile na kuondoa uchakavu, jumla yake na jumla yangu iliyosahihishwa zilikaribiana mno. Tangu siku ile nilijiwekea ada ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote: kabla sijafungua futi kamba, nilimwuliza mwenye nyumba aikadirie mwenyewe, nikaiandika tarakimu yake pembeni ya yangu, na zilipotafautiana sana, aghalabu ilikuwa ni mimi ambaye sijaingia uani.

Wapo waliokataa kujibu, nami sikuwalaumu. Mzee mmoja wa Kaloleni alinitazama kitambo, akasema, "Mwaka wa sabini na moja tuliulizwa vivyo hivyo." Alikuwa na haki. Sheria ya mwaka 1971 iliyatwaa majengo ya kupangisha yaliyofikia thamani ya shilingi 100,000. Basi kwa wenye nyumba wa umri wake tarakimu haikuwa kipimo cha kodi tu, ilikuwa mstari ambao ukiuvuka nyumba inabadili mwenyewe. Mthamini asiyeijua historia hii atadhani watu ni waongo, kumbe wanakumbuka.

Juu ya mji, upande wa Akheri na Poli, katika miteremko ya Mlima Meru, swali langu lilikosa hata mahali pa kusimama. Nyumba iliyomo ndani ya kihamba, kati ya migomba na mibuni, na makaburi ya babu yakiwa nyuma yake, haiuzwi. Na wazee wa Kimeru waliokumbuka nyumba zao zilivyochomwa Engare Nanyuki mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha, hata msemaji wao Kirilo Japhet akaenda kulalamika Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata, hawakupenda kumwona mgeni akipima ukuta. Huko nilihesabu saruji na mbao tu, na nikakiri moyoni kuwa sehemu kubwa ya thamani imebaki nje ya karatasi.

Miaka ilipita, na picha za setilaiti zikaja kuonyesha kuwa majengo ya Arusha yalikuwa karibu mara tano ya yale yaliyokuwamo katika kumbukumbu. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamia Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2018 kiwango kikawa kimoja, shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Na tangu 2021 kodi hukatwa katika LUKU, mtu anaponunua umeme. Wepesi wake nauona na nausifu, kwa kuwa nimewahi kuwaona akina mama wakijificha karani wa kodi alipobisha hodi. Lakini chumba na sebule cha Unga Limited sasa kinalipa sawa na jumba la Njiro lenye vyumba sita, mradi halina ghorofa, na mara nyingi anayetoa fedha ni mpangaji aliyeshika mita. Kule Ireland, tangu mwaka 2013, mwenye nyumba huikadiria mwenyewe thamani ya nyumba yake, akachagua daraja na kulipa kwa ahadi ya ukweli, na serikali ikabaki na haki ya kumhoji. Naamini watu wetu wangeliweza jambo hilo, kwa kuwa nimewasikia wakihesabu.

Nilipotimiza miaka 60 sheria ilinisamehe kodi ya nyumba ninayokaa, hapa Moshono. Hata hivyo, asubuhi moja nilitoa futi kamba ya zamani, mjukuu akashika ncha moja, tukaizunguka nyumba. Nilizidisha, nikatoa uchakavu, nikaandika tarakimu katika daftari, tarakimu iliyonipendeza. Mjukuu akaniuliza kwa nini ukuta wa nyuma, penye tangi la maji, una rangi ya kijani. Nikainuka kwenda kuutazama. Unyevu ulikuwa umepanda hata dirishani, na lipu ikang'oka kwa kidole. Nikarudi mezani, nikaifuta tarakimu.